Mmea wa Miezi Mitano na Mti wa Miaka Mitatu



Kuna jambo ambalo kwa muda mrefu tumelizungumza kwa sauti ya chini, nyuma ya kanisa, baada ya mkutano kwisha. Jambo hilo ni bangi inayopandwa nyumbani. Hatusemi juu ya mashamba makubwa yaliyofichwa msituni, ambayo kila mtu wa Masisi na wa Walikale amesikia habari zake. Twasema juu ya miche mitatu, minne au kumi iliyo nyuma ya jiko, kati ya migomba na mahindi, inayonyweshwa maji jioni na kukatwa ncha kwa kisu kilekile cha kumenyea birayi. Wanaoitunza si majambazi. Baadhi yao wamo katika Xaveri, wengine huimba kwaya, nao hutusalimu njiani kwa adabu ileile ya siku zote. Ndiyo sababu tumeona afadhali kuandika kuliko kuendelea kunong'ona.

Twajua maneno yanayotazamiwa kutoka kwa makatekista: bangi ni dhambi, tusimame tuimbe, kikao kimekwisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalo fundisho juu ya dawa za kulevya, katika namba 2291, nalo ni kali: kuzitumia pasipo sababu ya tiba ni kosa zito, na wanaozitengeneza na kuziuza kwa siri wanashiriki katika uovu huo. Fundisho hilo hatulipunguzi hata nukta. Lakini sisi tulioshika chaki miaka mingi tunajua kwamba jibu likitolewa kabla swali halijaeleweka, mwanafunzi huliacha darasani pamoja na vumbi la ubao. Basi na tulielewe swali. Kwa nini mmea huu, na kwa nini hapa Kitshanga?

Tuanze na mmea wenyewe. Neno bangi lina asili ya Bara Hindi; lilivuka bahari pamoja na mmea, likashika katika pwani ya Waswahili, na misafara ikalipeleka bara. Jirani zetu wasemao Kinyarwanda huuita urumogi. Ni mmea wa msimu: huota, huchanua, hufa. Una madume na majike, kila mmoja katika shina lake, na kile kinacholevya hukaa hasa katika ulimbo wa maua ya majike. Hapa kwetu, karibu na ikweta, ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hauhitaji kungoja majira marefu. Miezi minne au mitano huutosha.

Anayeutunza hujifunza upesi kuupogoa. Huona kwamba ncha ya juu ikikatwa, machipukizi ya pembeni yaliyokuwa yamelala huamka, na shina moja hugeuka kuwa matawi mengi. Hilo ni somo la elimu ya mimea ambalo sisi tulilifundisha ubaoni kwa mchoro, nao wamelijifunza kwa vidole. Hatuoni aibu kusema kwamba kijana wa namna hiyo ni mkulima. Ana subira, ana jicho, anajua siku ya kukata na siku ya kuacha. Kinachotusikitisha ni mahali ambapo ukulima wake umepata nafasi, na sababu ya kuupata hapo tu.

Sasa tutazame udongo. Vilima vya Masisi vinazaa kila kitu. Wageni huvisifu kwa majani yake, kwa ng'ombe wake na kwa jibini yake. Lakini ninyi mnajua kwamba kilima chenye rutuba si lazima kiwe kilima cha anayekilima. Wakoloni wa Ubelgiji walijigawia mashamba makubwa. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali yao ikaleta familia nyingi kutoka Rwanda na kuziweka Gishari na kwingineko, ili pasikosekane mikono ya kazi. Mwaka 1973 mali za wageni zikahamishiwa kwa wazawa, na mashamba makubwa yakabaki makubwa. Yalibadilisha mwenyewe tu. Mwaka huohuo sheria ya ardhi ikatangaza kwamba udongo wote ni wa Dola. Tangu hapo mkulima mdogo amesimama kati ya karatasi ya mwenye konsesio na neno la mwami, asijue lipi litamlinda siku ya shida.

Matokeo yake ninyi mnayaishi. Familia nyingi hulima udongo wa mwingine. Hupewa kipande, na badala yake hutoa siku za kazi katika shamba la mwenyewe. Huo ndio tunaouita salongo, jina lililobaki kutoka wakati wa Mobutu. Na pamoja na kipande hicho huja sharti ambalo haliandikwi popote lakini kila mtu analishika: panda maharagi, panda mahindi, panda birayi, usipande mti. Mti ni shahidi. Aliyepanda kahawa au mgomba amesema kwamba atakuwapo mwaka ujao na mwaka wa baada yake, na kwa desturi zetu maneno hayo yanakaribia kuwa madai ya umiliki. Kusini, kwa Washi, tofauti hiyo ina majina yake tangu zamani: udongo wa kalinzi huchukua mimea ya kudumu, udongo wa kukodi kwa msimu hauchukui. Kwetu mpangilio si uleule, lakini woga wa mwenye shamba mbele ya mche wa mti ni uleule.

Kijana wa miaka ishirini na miwili aliye katika hali hiyo afanye nini? Akipanda birayi, gunia moja huhitaji chukudu au gari ili lifike Sake, kisha Goma, na njia yote hiyo ina bariere. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili, wakapata 798. Kila kizuizi humeza sehemu ya gunia. Birayi ni nzito, huoza, haiwezi kufichwa, na bei yake ni ndogo kwa kila kilo. Bangi iliyokauka ni nyepesi, haiozi upesi, hukaa katika kifurushi, na huvumilia njia mbaya kuliko nyanya. Kwa hesabu ya mwezi mmoja, bangi hushinda. Tusiwaambie vijana kwamba hawajui hesabu.

Mwanajiografia Ann Laudati, aliyechunguza uchumi wa vita katika mashariki ya Kongo, aliandika mwaka 2013 kwamba dunia imekazia macho madini peke yake, ilhali bangi, mbao, makaa na ushuru wa barabarani navyo hulisha vita na hulisha watu wa kawaida pamoja. Maneno hayo mawili, vita na watu wa kawaida, yanakaa pamoja vibaya, lakini ndiyo hali yetu. Na hapo ndipo hesabu ya mwezi mmoja huanza kuharibika.

Mmea ulio nyuma ya jiko hauwezi kubaki siri. Harufu yake hupita ua. Mtu wa kwanza kuujua ni mdogo wako, wa pili ni jirani, wa tatu ni mwenye bunduki. Sheria ya kukataza bangi katika nchi hii ni ya zamani kuliko babu zenu wengi. Ilitungwa mwaka 1903, wakati wa Leopold II, na tawala zote zilizofuata hazikuiondoa. Wenye silaha katika mji wetu wamebadilika mara nyingi, na kila waliokuja walikuta katazo hilo likiwangojea kama fimbo iliyoegemezwa ukutani. Mwenye lori hupita. Mwenye miche mitano huitwa. Anaambiwa achague kati ya kufungwa, kulipa, au kuendelea kupanda kwa faida ya aliyemkamata, na mara nyingi la tatu ndilo linaloonekana jepesi. Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia vita vyetu limeandika mara kadhaa kwamba waasi wa FDLR walijipatia fedha kwa biashara ya bangi. Fedha hizo hazikuanza katika mifuko ya majenerali. Zilianza katika vitalu vidogo vya watu waliodhani wanalima mambo yao wenyewe.

Kwa hiyo tunaposema usipande, neno la kwanza tunalofikiri si polisi. Tunamfikiri mama yako, ambaye siku moja atafunguliwa mlango kwa teke na kuulizwa ua lake lina nini.

Tumesikia pia hoja zenu, na zinastahili kujibiwa moja moja, ingawa si zote kwa urefu uleule.

Wengine wamesema: huu ni mmea wa amani, wazee wetu waliutumia kupatanisha. Hoja hii ina mizizi ya kweli. Katika Kasai, kwa Walulua walioitwa Bashilange, watu wa karne ya 19 waliunda udugu uliojulikana kwa jina la Bena Diamba, yaani watu wa bangi. Wajerumani Paul Pogge na Hermann Wissmann walipofika kwa mtemi Kalamba Mukenge mwaka 1881, waliwakuta wamechoma hirizi za kale, wanavuta pamoja kama ibada, na wanakataza silaha kati ya ndugu. Ni habari ya ajabu, na Mwafrika hana haja ya kuionea haya. Lakini isomeni mpaka mwisho. Mkosaji wao aliadhibiwa kwa kuvutishwa bangi mpaka azimie. Na udugu huohuo ulifanya biashara na Wachokwe, pembe za ndovu na watumwa zikiwa katika soko moja. Amani iliishia pale udugu ulipoishia. Moshi haukuwafundisha kumwona mgeni aliyefungwa kamba kuwa ni mtu.

Wengine wamesema: mbona kwingine wanaruhusu? Ndiyo, wanaruhusu. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anaweza kulima na kutumia bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe, na sheria ya kutekeleza uamuzi huo ikatiwa sahihi mwaka 2024. Jirani yetu Rwanda, Oktoba 2020, iliidhinisha kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje. Lakini kuivuta nyumbani Kigali au Gisenyi bado ni kosa. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi katika orodha kali kuliko zote ya Mkataba wa 1961, ikaiacha chini ya udhibiti. Sisi hatuogopi kuwaeleza mambo haya. Mtayasikia kwenye simu zenu hata tukinyamaza. Tunauliza tu: faragha ya Afrika Kusini ina nini ambacho ua la Kitshanga halina? Ina mahakama inayofikika, na polisi anayeweza kushtakiwa. Haki ya kupanda mche nyuma ya nyumba huja baada ya haki ya kuwa na nyuma ya nyumba. Kwenu ninyi hiyo ya kwanza haijaja, na hiyo ndiyo inayopaswa kutukasirisha sote.

Kuhusu dawa, tutasema machache. Ni kweli kwamba mmea huu una tiba ndani yake. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iliyotokana nao kwa ajili ya vifafa vikali vya watoto. Nayo imetengenezwa kwa sehemu ya mmea isiyolevya, kwa kipimo cha daktari. Kivu haina haja ya kufundishwa habari za mimea ya dawa. Tangu enzi za ukoloni watu wetu wamelima kinkina, ambayo gome lake hutoa kwinini, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kinajulikana mbali kwa kazi hiyo. Hakuna aliyetibu malaria ya mtoto kwa kuvuta gome la kinkina nyuma ya jiko.

Juu ya akili za vijana inatupasa kukaa kidogo zaidi, kwa sababu hapa watu wazima wamewadanganya sana. Si kila avutaye bangi hurukwa na akili. Anayewaambia hivyo, nanyi mnawafahamu kumi wavutao na kwenda kazini, atapoteza imani yenu hata atakaposema kweli. Kweli ni hii: kwa makadirio yanayotumiwa na waganga, kama mtu mmoja katika kumi wanaotumia bangi hufikia kutoweza kuiacha, na kwa wanaoanza wakiwa vijana idadi hukaribia mmoja katika sita. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka karibu na umri wa miaka 25. Anayevuta kila siku tangu ana miaka kumi na mitano huongeza hatari ya kupatwa na ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwapo na kuona maadui wasiokuwapo. Na wengi wa umri wenu tayari wamebeba mizigo ambayo vijana wa nchi tulivu hawaijui: usiku wa kukimbia, ndugu aliyeachwa njiani, miaka ya hema. Tunaelewa kabisa kwa nini mtu atafuta kitu cha kumpumzisha kichwa. Lakini kichwa kilichojeruhiwa ndicho moshi huu unakionea zaidi. Goma kuna kituo kiitwacho Tulizo Letu, kinachoongozwa na mafrere wa shirika la Frères de la Charité, na Bukavu kuna SOSAME ya shirika hilohilo. Huko si mahali pa aibu. Yeyote kati yenu aliye na ndugu anayezungumza peke yake usiku, na aje atuambie. Tutatafuta njia ya kumfikisha, kama njia itakuwa wazi.

Haya yote tumeyasema, na bado hatujafika kwenye kiini. Kiini ni wakati.

Bangi ni mmea wa miezi mitano. Mtu huupanda asipokuwa na hakika ya mwezi wa sita. Kahawa ya arabika ni mti wa miaka mitatu au minne kabla ya kutoa zao la kwanza la maana, kisha huishi miongo mingi. Nani Kitshanga hupanga miaka mitatu? Mwanzoni mwa mwaka 2013 sehemu kubwa ya mji iliteketea katika mapigano. Tarehe 26 Januari 2023 mji ukaingia mikononi mwa M23, na barabara ikajaa tena magodoro na masufuria vichwani. Aliyezaliwa mwaka 2003 amekimbia zaidi ya mara ambazo amesherehekea Noeli nyumba moja. Ukimwambia kijana huyo apande mti, atakucheka kwa heshima.

Lakini hebu tuutazame mti huo kwa karibu, maana kuna jambo ambalo hesabu ya bangi haikulionyesha. Arabika huzaa katika matawi ya pembeni, kwenye sehemu iliyokua msimu uliotangulia. Sehemu iliyokwisha kuzaa haizai tena. Ndiyo sababu mti usiopogolewa hupanda juu na juu, ukiacha matawi matupu chini, mpaka mchumaji hawezi kufikia buni. Mwenye kisu hukata ncha kuufanya ukae kimo cha mtu, huondoa machipukizi yanayoufyonza, huacha mwanga uingie katikati. Na mti ukizeeka hukatwa wote, kama sentimita 30 kutoka ardhini, kwa mkato wa mshazari ili maji ya mvua yasikae juu ya kisiki. Kisiki huonekana kimekufa. Kisha hutoa machipukizi mengi, mkulima huchagua mawili au matatu, na baada ya miaka miwili hivi anachuma tena.

Fikirini maana ya hilo kwa watu wanaokimbia. Maharagi uliyoyaacha shambani huliwa na mwingine. Bangi uliyoiacha huvunwa na wenye silaha. Kahawa uliyoiacha miaka miwili, mitatu, huota kama kichaka, hujaa magugu, hufanana na kitu kilichopotea; lakini ukirudi na msumeno na kuikata kisiki, inaamka. Ni zao linaloweza kumngojea mwenyewe arudi kutoka kambini. Wamonaki wa Mokoto, jirani zetu waliofika kutoka Ubelgiji mwaka 1954, waliondolewa na vita vya 1996 baada ya watu waliowakimbilia kuuawa mwezi wa Mei. Miaka ikapita, na jumuiya yao ikarudi kilimani. Aliyepanda kitu chenye mizizi ana mahali pa kurudia. Mfano wa mzabibu na mkulima apogoaye mnaufahamu wote kwa moyo, hatuna haja ya kuueleza tena hapa.

Wala si ndoto tu. Kule Minova, mpakani mwa Masisi na Kalehe, ushirika wa SOPACDI ulioanzishwa mwaka 2003 ulianza kukusanya wakulima ambao kahawa yao ilikuwa ikivushwa ziwa usiku kwa mitumbwi na kuuzwa kwa bei ya kutupa ng'ambo. Leo kahawa ya ushirika huo huuzwa Ulaya na Marekani kwa jina lake. Vita haikwisha ndipo wakaanza. Walianza katikati yake.

Sasa tutasema neno ambalo halitawapendeza wakubwa wetu, na tunalisema katika ukurasa huu wa vijana ili walisome wakiwa wameketi nanyi. Papa Fransisko, alipozungumza Roma mwezi Juni 2014 na wakuu wa vyombo vinavyopambana na dawa za kulevya, alikataa katakata kuzihalalisha. Lakini katika hotuba ileile alidai kwamba la hilo lisindikizwe na ndiyo: ndiyo kwa masomo, kwa kazi, kwa nafasi ya kuishi. Huku kwetu la tunaisema kila Domenika. Ndiyo iko wapi? Tuna wakristu wenye konsesio za hekta nyingi zenye majani tu, wanaoketi viti vya mbele. Tuna viwanja vya taasisi zetu ambavyo kila mwaka hufyekwa na havipandwi. Na tunamwambia kijana asiye na hatua kumi za udongo kwamba asipande mmea wa miezi mitano, huku tukimkataza kupanda mti wa miaka mitatu. Katazo la namna hiyo lina upande mmoja tu, na vijana wanauona upande unaokosekana.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa halmashauri ya parokia, kwa wenye mashamba na kwa wazee wa mashirika ni hili. Vijana wapewe udongo kwa maandishi, kwa miaka isiyopungua kumi. Maandishi yaseme waziwazi kwamba ardhi inabaki ya mwenyewe na miti ni ya aliyeipanda. Ihesabiwe kila mwaka mbele ya mashahidi, na idadi iandikwe katika nakala tatu: ya mwenye shamba, ya kijana, na moja ihifadhiwe mbali na mji, maana nyumba zetu huungua. Mwenye shamba akiuza, amlipe kijana miti yake kabla ya kupokea fedha za mnunuzi. Kijana akikimbia vita, miti yake isihesabiwe kuwa imeachwa mpaka miaka mitano ipite. Sharti hili la mwisho ndilo litakalobishaniwa zaidi, nasi twaona ndilo lenye thamani kuliko yote. Bila hilo wenye busara kati ya vijana hawatapanda, na watakuwa na haki.

Katika miaka mitatu ya kungoja, kati ya mistari ya kahawa changa kuna nafasi ya maharagi. Hayataleta fedha kama kifurushi cha bangi. Hatutawadanganya kwamba yataleta. Yataleta chakula, na yatamwacha mama alale mlango ukiwa umefungwa kwa kamba tu.

Kwa wale ambao miche ya bangi iko uani hivi sasa: hatutakuja kuihesabu, wala hatutamtaja mtu. Ing'oeni ninyi wenyewe, mapema, kabla haijachanua, na msiichome uani watoto wakiwa karibu. Kisu mkitunze. Mbegu ya kahawa ikisiwa kitaluni Februari, chini ya kivuli cha majani ya migomba, mche huwa tayari kuhamishwa mvua za Septemba zikianza. Tunatafuta mbegu kutoka kwa wakulima wa upande wa Minova, na anayetaka kujifunza kupogoa miti mizee tuliyonayo aje Jumamosi baada ya mafundisho. Miti ni kumi na minne, haijaguswa tangu vita, na mingine imepita kimo cha paa.